Goti la Samurai: Wajapani Walivyoivika Miguu Chuma

Nimepotea wiki kadhaa, na sababu yenyewe ni goti. Si goti langu, langu ni zima. Ni goti la samurai niliyekuwa nikimchonga kwenye tarakilishi kwa ajili ya mchezo ambao mimi na rafiki yangu mmoja tunautengeneza usiku baada ya kazi. Kichwa kilikubali, kifua kikakubali, mabega yakasumbua kidogo kisha yakakubali. Lakini kila nilipomwamuru apige magoti, bamba la paja lilizama ndani ya bamba la muundi, likatokea upande wa pili. Nikarefusha, nikafupisha, nikajaribu hata kudanganya kwa kumvalisha suruali pana. Wapi!

Mwishowe nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza: watu waliovaa vitu hivi, wakakimbia navyo, wakapanda ngome navyo, wao walifanyaje? Nikafunga Blender nikaanza kusoma. Nilidhani nitasoma nusu saa. Nimesoma wiki tatu.

Kwanza majina, maana nitayatumia hadi mwisho. Bahati nzuri Kijapani, kama Kiswahili, hupenda kumaliza neno kwa irabu, kwa hiyo hakuna ulimi utakaovunjika. Kinga ya muundi, kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti, inaitwa suneate. Kinga ya paja inaitwa haidate (ndiyo, inasikika kama kitenzi kilichokanushwa). Halafu kuna kusazuri, vipande vinavyoning'inia kutoka kwenye deraya ya kifua na kufunika kiuno, nyonga na sehemu ya juu ya paja. Suneate, haidate, kusazuri. Yashikeni hayo matatu.

Hapo mwanzo palikuwa na farasi

Filamu zimetufundisha kwamba samurai ni mtu wa upanga. Kwa karne kadhaa za mwanzo hakuwa hivyo. Alikuwa mpiga upinde juu ya farasi. Deraya yake kubwa, ō-yoroi, iliyokomaa kati ya karne ya 10 na ya 12, ilikuwa kama sanduku lenye uzito wa kilo 30 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikusudiwa ilalie tandiko la farasi, si mabega ya mtu. Kusazuri zake zilikuwa nne tu, pana kama milango midogo: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Mtu akiwa juu ya farasi zilimfunika vizuri kabisa. Akishuka na kutembea zilimgonga miguu kila hatua.

Paja halikuwa na kinga nyingine. Muundi ulipewa suneate rahisi, kwa kawaida mabamba matatu ya chuma yaliyopindwa kufuata umbo la mguu, yakafungwa kwa kamba. Nyuma, kwenye shavu la mguu, palikuwa wazi. Goti nalo lilikuwa wazi. Msiwacheke mafundi wale. Walimjua mtumiaji wao: mtu aliyeketi, adui yuko mbali, mshale unakuja kutoka mbele. Walitengeneza kitu kinachomfaa huyo na si mwingine. Mimi ningelipwa vizuri kama kila mteja wangu angejua anachotaka namna hiyo.

Jinsi muundi ulivyodharauliwa zama hizo inaonekana kwenye kisa kimoja ninachokipenda sana. Wamongolia wa Kublai Khan waliishambulia Japani mwaka 1274 na tena 1281. Samurai mmoja wa kawaida kutoka mkoa wa Higo, kisiwa cha Kyushu, jina lake Takezaki Suenaga, alipigana mara zote mbili, kisha akaagiza michoro mirefu ya kukunja ili kila mtu ajue aliyoyafanya. (Angekuwa hai leo angekuwa na akaunti kila mahali.) Michoro hiyo ipo hadi leo kwenye hazina ya sanaa ya familia ya kifalme ya Japani. Mwaka 1281 Suenaga alitaka sana kuzifikia meli za adui lakini hakuwa na mashua, akajipenyeza kwenye mashua ya watu wengine kwa maneno ya uongo. Alipokaribia meli akakumbuka kofia yake ya chuma ameiacha kwa kijana wake nyuma. Akafanya nini? Akavua suneate zake, akaziunganisha kwa kamba, akazivaa kichwani, akapanda melini.

Nilicheka. Halafu nikafikiri: mtu huyu alilazimika kuchagua katikati ya vita ni kiungo gani abaki nacho uchi, na hakusitasita.

Siku waliposhuka

Karne iliyofuata mambo yakageuka. Kuanzia 1336 hadi 1392 Japani ilikuwa na mabaraza mawili ya kifalme yakigombana, moja kaskazini na moja kusini, na vita vikahamia milimani na kwenye ngome ambako farasi hafai. Watu wakapigana kwa miguu, na silaha mojawapo iliyopendwa ni naginata, upanga wenye mpini mrefu kama wa jembe. Naginata hufyeka chini. Fikiria mtu anayefyeka nyasi kandokando ya barabara, kisha fikiria wewe ndiye nyasi.

Mafundi wakajibu kwa haraka, na kwa pupa. Wakaongeza bamba kubwa la kusimama juu ya suneate, likapita goti na kufunika sehemu ya paja. Aina hiyo huitwa ō-tateage. Kwenye michoro ya zamani inapendeza mno, mguu mzima unang'aa kama wa Goliathi. Tatizo ni lile lile la samurai wangu wa kwenye tarakilishi. Bamba gumu likivuka kiungo kinachokunja, kimoja kati ya viwili hakitafanya kazi. Ama bamba ama goti.

Suluhisho lilikuja polepole, na kufikia karne ya 16, wakati Japani nzima ilikuwa uwanja wa vita, lilikuwa limekamilika. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Lile bamba la juu ya goti likavunjwavunjwa. Badala ya chuma kimoja wakachukua kitambaa kinene, wakashonea ndani yake vibamba vidogo vya pembe sita, kimoja kimoja, vikiachiana nafasi ndogo. Wajapani wenyewe wanaita kikkō, yaani gamba la kobe, na ukiona utakubali. Kila kibamba ni kigumu, ila kitambaa kinakunja. Bamba la muundi nalo likavunjwa kuwa fito za chuma zilizosimama wima, mithili ya ukuta wa fito usiokandikwa udongo. Kati ya fito na fito wakaweka wavu wa pete za chuma. Aina hiyo ya suneate inaitwa shino, na ni nyepesi, inafuata umbo la mguu wowote, na fito moja ikipinda hubadilishwi zote.

Wavu wenyewe unastahili aya yake. Katika ufumaji wa kawaida pete za Kijapani ni za aina mbili. Kuna za mviringo zinazolala bapa, na kuna za umbo la yai zinazosimama na kuunganisha zile za mviringo. Kila pete ya mviringo imeshikwa na nne. Ukiutandaza mezani unafanana na karatasi ya hesabu yenye miraba. Kisha wavu wote unashonewa juu ya kitambaa ili usiteleze wala kumkwaruza mwenyewe.

Paja likapata haidate, nayo kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote. Chukua aproni ya mpishi, ipasue katikati kutoka chini karibu hadi kiunoni. Nusu ya juu ni kitambaa kitupu. Nusu ya chini imeshonewa chuma: vigamba, fito, wavu, au vibamba vilivyopinda kama vigae vya paa. Kwa nini juu hakuna chuma? Kwa sababu juu kuna kusazuri tayari. Hakuna fundi mwenye akili anayelipia chuma mara mbili mahali pamoja. Nyuma ya paja pako wazi, ila kuna kamba au kifungo kinachoishika haidate isipeperuke mtu akikimbia.

Kusazuri nazo zilibadilika. Zile nne kama milango zikawa mara nyingi saba, nyembamba, kila moja ikiwa na safu tano. Zaidi ya hapo, zilining'inizwa kutoka kwenye kifua kwa nyuzi ndefu zilizoachwa wazi makusudi, ili zicheze huku na huku na mtu aweze kufunga mkanda kiunoni, uzito wa deraya ushuke kwenye nyonga.

Sasa angalia. Kusazuri imefungwa kifuani. Haidate imefungwa kiunoni. Suneate imefungwa chini ya goti na kwenye kifundo cha mguu. Hakuna hata kimoja kilichounganishwa na mwenzake! Kila kimoja kinamfuata mtu, si jirani yake. Vinapishana tu: kusazuri juu ya haidate, haidate juu ya kitambaa cha goti. Mtu akisimama vinalala kimoja juu ya kingine. Akipiga magoti vinateleza. Na goti lenyewe halijafunikwa na bamba lolote zima.

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilikuwa nimefunga bamba la paja kwenye bamba la muundi kwa bawaba, nikidhani ndivyo chuma kinavyopaswa kuwa. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne, nikafundishwa kila muhula kwamba sehemu za mfumo zisitegemeane bila sababu, na bado nikafunga bawaba.

Hata kuvaa kulikuwa na utaratibu. Walianzia chini: suneate, halafu haidate, na deraya ya kifua ikaja baadaye, kwa sababu ukishavaa kifua huwezi kuinama kufunga kamba za miguu. Mguu wa kushoto ulitangulia wa kulia.

Utomvu

Wengi tukiona picha za deraya hizi tunadhani ni chuma kilichopakwa rangi. Mara nyingi si rangi na mara nyingi si chuma. Vigamba vingi vilitengenezwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyopigwa na kukaushwa hadi ikawa ngumu kama mbao, wakati mwingine vikichanganywa na vya chuma kwenye safu moja ili kupunguza uzito. Kinachovificha vyote na kuvifanya vifanane ni urushi, utomvu wa mti.

Mti huo ukichanjwa hutoa utomvu kidogo sana. Unasubiri miaka kumi au zaidi mti ukue, unauchanja msimu mmoja, unapata kama gramu 200, basi, kazi imekwisha. Utomvu mbichi unababua ngozi vibaya. Wasomaji wangu wa Kilifi na Kwale hawahitaji maelezo, maana mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na anayejua mafuta ya ganda la korosho bichi yanavyofanya vidole anajua fundi wa urushi alianzaje kazi yake.

Cha ajabu zaidi ni namna unavyokauka. Kwa kweli haukauki. Urushi huganda kwa msaada wa unyevu: kimeng'enya kilichomo ndani yake kinatumia oksijeni ya hewani, na kinataka hewa yenye unyevunyevu na joto la wastani. Fundi anapaka tabaka jembamba, anaingiza kipande kwenye kabati lenye unyevu, anangoja, anasugua, anapaka tena. Matabaka ya chini huchanganywa na unga wa udongo ili kujaza mabonde. Ukishaganda, maji hayapiti, kutu haianzi, na tindikali nyingi haziuwezi. Japani ni nchi ya mvua na jasho. Bila urushi suneate ya chuma ingeliwa na kutu kabla haijaliwa na mkuki.

Urembo ulianzia hapo hapo kwenye kinga. Weusi ulipatikana kwa kutia chuma ndani ya utomvu. Wekundu ulitokana na madini ya zebaki na salfa. Kuna rangi ya kahawia iliyotengenezwa ionekane kama kutu, jambo linalonifurahisha kwa sababu ni kinga ya kutu inayojifanya kutu. Bwana mmoja, Ii Naomasa, tangu miaka ya 1580 aliwavika askari wake wekundu kutoka kofia hadi miundi, ili wajulikane kwa mbali. Jezi, kwa lugha nyingine.

Nyuzi za hariri zilizounganisha safu za vigamba nazo zilikuwa na rangi zao. Za zamani zilisongamana hadi kufunika gamba lote. Katika karne ya 16, vita vilipozidi na muda kupungua, zikapunguzwa zikawa jozi jozi zilizoachana, na gamba likaonekana. Hariri kidogo, matundu machache ya kutoboa, deraya inatoka upesi.

Bunduki

Mwaka 1543 Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima wakiwa na magobori. Ni Wareno hao hao ambao miaka 50 baadaye, 1593, walianza kujenga Fort Jesus hapa kwetu Mombasa. Wajapani wakajifunza kuyatengeneza, na mwaka 1575 kule Nagashino Oda Nobunaga akayatumia kuwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda.

Kwa mguu bunduki haikuleta bamba nene. Ninavyoona mimi ilileta kinyume. Chuma kizito kilihamia kifuani ambako risasi inaua, na mguu ukaachiwa wavu na fito, kwa sababu mtu anayeweza kukimbia ana nafasi zaidi. Kuna mtindo mwepesi sana wa suneate na haidate unaoitwa Etchū, unaohusishwa na Hosokawa Tadaoki, aliyekuwa na cheo cha bwana wa Etchū. Fito chache, wavu mwingi wenye nafasi, na suneate haina kinga ya goti kabisa. Tadaoki alikuwa amepigana vita vya kutosha kujua anachokitupa.

Amani iliharibu goti

Osaka ilianguka 1615, na ukoo wa Tokugawa ukatawala bila vita vikubwa hadi karne ya 19. Deraya hazikuacha kutengenezwa. Zilizidi kupendeza. Tayari mwaka 1613 Tokugawa Hidetada alikuwa amempelekea mfalme James wa Uingereza deraya mbili kama zawadi, na tangu 1635 mabwana wakubwa walilazimika kusafiri kwa zamu kwenda kuishi Edo, misafara mirefu yenye watu wa kutazama kila kijiji. Deraya ikawa kitu cha kutazamwa.

Kwenye miguu utaona kila kitu. Haidate zenye nembo ya ukoo iliyochorwa kwa dhahabu ikivuka vibamba vingi, kwa hiyo inaonekana sawasawa mtu akisimama tuli tu. Suneate zilizofuliwa sura na maua kwa nyundo kutoka nyuma. Vitambaa vya hariri vilivyofumwa kwa nyuzi za dhahabu mahali ambapo zamani palikuwa na pamba au katani. Na nyuzi zilizosongamana zikarudi, zile za zamani za farasi, kwa sababu zilifanana na za mababu.

Mtu mmoja alikasirika. Sakakibara Kōzan, msomi wa mambo ya vita, alichapisha mwaka 1800 kitabu kuhusu utengenezaji wa deraya, na malalamiko yake kuhusu nyuzi nyingi yanasomeka kama ripoti ya hitilafu iliyoandikwa na mtu mwenye hasira. Zikilowa, anasema, zinakuwa nzito na hazikauki upesi. Wakati wa baridi zinaganda. Tope likiingia halitoki hata ukiosha. Safarini zinakusanya chawa na siafu. Mkuki ukizipiga unanasa badala ya kuteleza. Yote haya yalijulikana miaka 250 kabla yake, yakarekebishwa, kisha yakarudishwa na watu ambao hawakuwahi kulowa ndani ya deraya.

Nilisoma ukurasa huo mara mbili. Niliwahi kufanya kazi mahali fulani ambapo kipande cha msimbo tulichokiondoa kwa jasho kilirudishwa mwaka uliofuata kwa sababu ukurasa wa zamani ulikuwa mzuri zaidi. Namwelewa Sakakibara.

Hariri nyeusi ya enzi hizo, iliyotiwa rangi kwa chuma na tanini, sasa inaoza yenyewe kwenye makabati ya makumbusho, nyuzi zikikatika bila kuguswa. Fito na wavu chini yake viko salama ndani ya urushi.

Mchezo wetu? Nimeondoa bawaba. Kusazuri saba, safu tano tano, haidate inaning'inia kiunoni, kitambaa cha kobe gotini. Jana usiku alipiga magoti, akainuka, akakimbia ngazini. Kilichobaki ni kipande kidogo cha ngozi. Suneate nyingi zina kiraka cha ngozi chini, upande wa ndani wa mguu, ili chuma kisisuguane na kikuku cha farasi. Mafundi waliendelea kukishona hata kwenye zile za dhahabu za karne ya 18. Nimemwekea samurai wangu kiraka hicho, kila mguu. Mchezaji hawezi kukiona, na mchezo wenyewe hauna farasi hata mmoja :-)